Kisanduku na Marehemu wa Kiringye

Alibonyeza.

Ndiyo, nyinyi mlioshinda juma zima mkibishana kama Monsieur Luc angethubutu kuupiga ule wimbo katikati ya soko la ndagala, jibu ndilo hilo. Mtu anayetoka Kinshasa na viatu vya ncha kali, akaingia navyo kwenye tope la soko la samaki, atathubutu lolote.

Kipaza sauti kikakohoa. Zikatoka noti tatu za kinanda, na nyuma yake kengele moja nzito. Huo ndio wimbo wa Tazamo. Tazamo yenyewe ni kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni; unakichomeka nyuma ya televisheni, nacho kinakuvutia kwa intaneti filamu, mpira na tamthilia za mapenzi mpaka chakula kinaungua jikoni.

Soko zima likanyamaza.

Wauza ndagala waliacha vikombe vyao vya kupimia hewani. Motard mmoja aliyekuwa akigombana na abiria alizima pikipiki, akavua kofia. Mlevi aliyekuwa akiimba tangu asubuhi alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Monsieur Luc akatabasamu meno yote nje. Kampuni ilimtuma Uvira kujua jambo moja tu: je, tangazo la Tazamo linafanya kazi, ama ni kelele za bure? Likifanya kazi, Yasmine Djamali, mtangazaji mwenye sauti ya tangazo hilo, angebaki kwenye asubuhi za Redio Wimbi, maana kampuni ndiyo iliyokuwa inazilipia asubuhi zote za redio. Lisipofanya, sauti mpya ingetoka Kinshasa, ya msichana anayeongea Kifaransa kwa pua.

Kwa Yasmine hilo halikuwa jambo dogo. Baba yake, mzee Djamali, muuza vitambaa na mjukuu wa wauza vitambaa waliovuka ziwa hili zamani, alikuwa amemwekea kiti dukani tangu amalize shule. Kiti kile Yasmine alikikataa. Alichokitaka duniani ni kimoja, kufungua mdomo hewani na mji ukatulia kumsikiliza. Ukimnyima hicho umemkata ulimi.

Luc alimnong'oneza Yasmine, aliyesimama naye nyuma ya meza ya Tazamo, kwa Kifaransa kwamba Goma walimcheka, Bukavu walimpita bila kugeuka, lakini hapa watu wamesimama kama kanisani. Kisha akasema atamchagua mama mmoja, na Yasmine amwulize wimbo ule unamtia fikra gani. Yeye mwenyewe Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "bei gani", kwa hiyo Yasmine ndiye aliyekuwa mdomo na masikio yake.

Yasmine alijua soko linasubiri nini.

Niruhusuni nirudi nyuma hatua moja, sitawachelewesha. Kampuni ilipouliza tangazo lipigwe wakati gani, Yasmine alijibu bila kufikiri: kabla tu ya matangazo ya vifo. Hakukosea. Uvira nzima husikiliza matangazo ya vifo. Waislamu husikiliza, Wakatoliki husikiliza, na wachawi nao, kwa sababu zao, husikiliza. Basi kila asubuhi zikalia noti tatu, kengele, na sauti ya Yasmine ikisema "Tazamo, nyumba nzima inaangalia." Halafu sauti ile ile, bila hata kuvuta pumzi, "Familia ya fulani inasikitika kuwatangazia..."

Mji haukuchelewa kujumlisha. Noti tatu na kengele, mtu amekufa. Watoto waliozipiga mluzi walichapwa. Jamaa mmoja wa mtaa wa Kimanga alizitia kwenye simu yake, na siku alipopigiwa, mke wake alianguka na sahani mkononi. Familia zilizofiwa zikaanza kuja redioni na masharti: marehemu wetu apigiwe wimbo mzima, asikatiwe katikati, yeye si mtu wa ovyo. Kwaya moja ilikwisha kuupiga makaburini, na watu walilia vizuri sana.

Kusikika, tangazo lilisikika kuliko mahubiri. Ila nani angekibeba kitu kile mwenyewe, akakiingiza nyumbani kwake, akakichomeka karibu na mahali wanapolala watoto? Hayo yote Yasmine hakumwambia Luc.

Luc akamchagua mama Bernardine, muuza ndagala. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa ameketi chini kabisa, kilemba kimefunguka, macho yamemtoka, na Luc alidhani amelewa na muziki. Kumbe mwanawe Tumaini, motard, alikuwa amepeleka abiria Makobola alfajiri, na tangu wakati ule simu yake haipatikani.

"Mama, monsieur iko anauliza," Yasmine akaanza. "Ukisikia hii wimbo, unafikiria nini?"

"Weye njo unaniuliza? Weye mwenye kutusomea?" Bernardine akamkazia macho. "Sema jina, Yasmine. Minye niko na mutoto mu njia ya Makobola. Hii wimbo iko inanikata tumbo."

Luc alikuwa na kalamu tayari.

"Anasema," Yasmine akamfasiria, "wimbo unamgusa ndani kabisa."

Hakusema uongo, jamani. Aliongeza maji tu, kama wanavyofanya wauza maziwa. Luc akaandika, akapigia mstari.

Lakini soko lilikuwa limeanza kusogea. Kengele imelia na jina halijatoka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mmoja akasema kama jina linafichwa basi ni la mkubwa fulani. Mwingine akasema si mtu mmoja, ni mtumbwi mzima. Mama mwenye mume ziwani akalisikia hilo la mtumbwi, akapiga yowe, na yowe la sokoni halihitaji kualikwa mara mbili. Vijana wakaizunguka meza wakitaka kujua huyu muntu wa Kinshasa amekuja na kifo cha nani mfukoni.

Luc, maskini, alidhani wanagombania kununua. Akawaomba wapange mstari.

Yasmine angewaambia nini? Kwamba hakuna aliyekufa, mgeni amepiga kengele ya msiba ili afanye biashara? Wangempasulia kipaza sauti kichwani, na mtu aliyepasuliwa kichwa haandiki ripoti nzuri. Watu wakaanza kudai jina kwa pamoja, huku wakisukuma meza. Akashika kipaza sauti, akatoa ile sauti yake ya asubuhi.

"Familia inasikitika kuwatangazia kifo cha papa Ngongo, wa Kiringye."

Jina lilitoka wapi, yeye mwenyewe hakujua. Lilikuwa ulimini, likateleza. Na Kiringye ni mbali, huko kwenye uwanda wa mto Ruzizi, kwenye mpunga na mihogo. Nani sokoni hapa angemjua Ngongo wa Kiringye?

Wote walimjua.

Mzee Eugène, mshona viatu, alisema amekula naye ugali mara nyingi, mtu mrefu sana, mwembamba, mwenye kigugumizi. Mwingine alisema alimwonya mapema juu ya ile presha. Providence, muuza mafuta ya mawese, alimlilia kwa jina, akasema Ngongo alikuwa na roho nzuri na vidole virefu.

Ila wa kwanza kuinuka alikuwa Bernardine. Jina halikuwa la mwanawe. Alifunga kilemba upya, akafuta macho, uso ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Mungu amenipitia," akasema. "Huyu Ngongo amekufa pahali pa mwanangu. Nitakwenda kumulilia, hata kwa miguu."

Hakwenda kwa miguu. Palikuwa na Fuso inayorudi uwandani kuchukua mihogo, na dereva wake naye, kumbe, alikuwa amemjua marehemu. Wanawake wakaanza kupanda, na mzee Eugène nyuma yao.

Yasmine akashusha pumzi. Wataenda, hawatamwona Ngongo, watarudi wamechoka na kulaumu dereva. Ndipo alipogeuka akamkuta Luc amevua miwani.

Majina ya watu hayana tafsiri, wasomaji wangu. Ngongo ni Ngongo hata kwa Kifaransa, na jina linaloliliwa halihitaji mfasiri.

"Ngongo wa Kiringye?" Luc aliuliza. "Ngongo wetu?"

Hapo Yasmine akakumbuka. Asubuhi ile, wakinywa chai, Luc alikuwa amemtolea siri ya kampuni. Tangu tangazo lianze kupigwa, kutoka Makobola hadi mwisho wa uwanda wa Ruzizi, kilikuwa kimenunuliwa kisanduku kimoja tu. Mnunuzi wake Luc alimtaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja askofu: Ngongo, mkulima, Kiringye. Ndiye shahidi pekee kwamba tangazo linafanya kazi, na Luc alikusudia kwenda kumpiga picha.

Mteja mmoja kampuni ilikuwa naye, na Yasmine alikuwa amemuua mbele ya soko zima.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema, lakini huu ulikuwa na Fuso nzima ya kilio. Luc alisema kampuni haiwezi kumwacha mteja wake wa kwanza azikwe kama mtu asiye na ndugu. Alitundika bango la Tazamo ubavuni mwa lori, lile lenye familia inayocheka kwenye kochi, akapanda mbele pamoja na Yasmine. Juu ya familia inayocheka wakakaa wanawake wanaolia. Kutoka Kavimvira hadi Sange watu walitoka majumbani kutazama, Luc akawatazama wakitazama, akaandika tena.

Njiani aliuliza kama ni redio iliyomfanya marehemu anunue. Yasmine akasema bila shaka. Akauliza kama marehemu aliipenda sauti yake. Yasmine akasema hakukosa hata asubuhi moja. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, ila wazee hao hawakupita barabara ya uwandani baada ya mvua. Yasmine alipata nafasi ya kujuta kwenye kila shimo.

Huko nyuma, wakati wenzake walipopumzika kulia, Bernardine alijaribu simu ya Tumaini. Haikupatikana. Akairudisha kifuani, akaendelea kumlilia Ngongo kwa bidii zaidi.

Kiringye hapakuwa na msiba. Hapakuwa na turubai, wala viti vya kuazima, wala moto uani. Kijana wa njiani aliwaonyesha nyumba ya Ngongo, yenye mlango wa buluu, na ndani yake mlisikika kelele za uwanja wa mpira. Wanawake waliteremka kwenye lori wakilia, wakaujaza ua.

Mlango ukafunguka. Akatoka mtu mfupi, mnene, amevaa singlendi, na telekomande ya televisheni mkononi.

Mzee Eugène akamshika bega kwa huruma, akamwuliza kama yeye ni mdogo wa marehemu.

"Marehemu nani?"

"Ngongo."

"Minye njo Ngongo," yule mtu akasema. "Minye siyakufa. Niko naangalia mupira."

Kilio kilikatika vipande vipande. Wa mbele walinyamaza kwanza, wa katikati wakafuata, na wale wa langoni wakaendelea kulia kwa muda kwa sababu habari ilikuwa haijawafikia. Eugène alimtazama Ngongo kutoka juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu, akasema labda ni Ngongo mwingine. Mke wa Ngongo, mama Marie, akatoka na mwiko mkononi akitaka kujua hawa wanawake wanamlilia mume wake kwa sababu gani, na hasa yule mwenye harufu ya mawese anayejua habari za vidole.

Mmoja akasema ni binti Djamali aliyetangaza. Macho yote yakamgeukia Yasmine. Alisema amekosea.

Aliyemwokoa ni marehemu. Ngongo alipoelewa kwamba watu wametoka Uvira mpaka pale kuja kumlilia yeye, alifurahi mno. Siku zote, alisema, alikuwa na hofu kwamba akifa ataliliwa vibaya, watu wa kwao ni wavivu wa machozi. Akamwomba Providence arudie lile la roho nzuri. Kisha akaamuru chungu kikubwa kiwekwe motoni, kwa kuwa matanga yaliyokwisha kuanza hayavunjwi bila watu kula. Mama Marie alisema maneno ambayo gazeti hili halichapishi, halafu akaweka chungu.

Na Luc? Luc alimkumbatia mteja wake kama ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Alimketisha chini ya dirisha, akatoa simu, akaanza kurekodi.

"Mwulize," akamwambia Yasmine. "Mwulize ni nini hasa kilimfanya anunue. Nataka aseme mwenyewe kwamba ni tangazo."

Yasmine akauliza. Ngongo akacheka mpaka tumbo likamtikisika.

"Tangazo gani, mwanangu? Redio yenu haifikake huku. Milima iko inaikata. Minye niliona kile kintu kwa shemeji yangu, Bujumbura, nikapenda mupira, basi." Akainama karibu, akapunguza sauti. "Lakini watu wanaotoka Uvira wanasema iko inaleta kifo. Ni kweli?"

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Katika nchi yote ile, aliyenunua kisanduku ni yule mmoja ambaye hakuwahi kulisikia tangazo lake.

"Anasema nini?" Luc aliuliza. Simu ilikuwa ikirekodi.

Sentensi moja tu ilitosha. Yasmine alikuwa nayo tayari, tamu, yenye sauti yake na asubuhi ndani yake. Luc angeiandika, angepigia mstari, na kiti cha dukani kingeendelea kukaa bila mtu.

Akatazama uani. Mama Bernardine alikuwa ameketi mkekani na sahani magotini, anamtania mzee Eugène juu ya yule rafiki yake mrefu mwenye kigugumizi. Alikuwa akicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwanamke huyu alimwomba jina, naye akampa uongo, na kwa uongo ule alikuwa amepanda lori mpaka hapa kushukuru. Yasmine aliona aibu.

Akafasiri. Alifasiri yote, neno kwa neno: milima, shemeji, mpira. Akaongeza na yale ya sokoni aliyoyatia maji, kengele na vifo, na tumbo la mama Bernardine.

Luc alisikiliza mpaka mwisho. Akazima simu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tangazo linafanya kazi, hajaona linalofanya kazi kama lile, ila haliifanyii kampuni. Kesho wimbo utaondolewa. Na sauti itaondolewa pamoja nao, kwa maana hakuna atakayeisikia akafikiria mpira. Asubuhi zitasomwa na mwingine.

"Nimeelewa," Yasmine alisema.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bruno, fundi wa mitambo pale redioni, na Bruno hapigi simu mchana kama hakuna jambo.

"Yasmine, uko wapi? Communiqué moja ya kifo imefika sasa hivi, ya Makobola. Ajali ya pikipiki. Watu wa kule wanaomba ipite mara moja, ili familia isikie. Niisome minye, ama nikungojee? Watu wamezoea ni weye."

Yasmine aligeukia ukuta. "Nipe jina," akasema polepole.

"Tumaini. Motard wa Uvira. Jina ya pili haiko."

Akina Tumaini ni wengi Uvira. Wanaoendesha pikipiki peke yao wangeweza kujaza daraja la Kalimabenge. Yasmine alijiambia hivyo, akajiambia tena. Alijitahidi asibadilike uso, akamwambia Bruno asisome kitu, akaishusha simu.

Nyuma yake ua ulikuwa umeanza kutulia. Hakukuwa na kinanda wala kengele. Mama Bernardine alikuwa amemwona tu mgongo, na jinsi alivyoishika ile simu. Aliweka sahani chini. Akafuta mikono kwenye kitenge, akainua vidole, akaanza kufungua kilemba.

"Yasmine, mwanangu," akasema. "Sema jina."